Maktaba ya Tromsø: mwalimu kaniuliza "jua gani?"

Binti_Makete
Wakuu habari za leo. Mimi ni mtoto wa Makete, baridi naijua. Juni unaamka sakitu imeunguza viazi. Nilipokuja Norway kusoma usanifu majengo nikajiona mwenyeji. Muhula huu tumepewa zoezi la maktaba ndogo isiyokula umeme, ya mji wa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway. Nikachora ukuta wote wa kusini kioo, ili jua lipashe ukumbi bure wakati wa baridi. Mwalimu katazama, akauliza: "Jua gani?" Kumbe kule kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa! Darasa likacheka, nami nikacheka, ila iliniuma. Sasa bila jua joto natoa wapi?

Fundi_Hewa
Pole mdogo wangu. Nafunga mitambo ya hewa Finland, mwaka wa tisa huu. Joto unalo: wasomaji. Mtu aliyekaa anatoa kama wati 100, wakiwa 60 hizo ni kilowati 6. Kazi ni kutoliachia. Dirisha la kioo cha tabaka tatu, hata lililo zuri, linapitisha joto mara saba au nane kuliko ukuta wenye sufi ya kuzuia joto, unene sentimita 35. Hewa nayo usiitupe nje hivi hivi. Ipitishe kwenye mashine, ile chafu inayotoka iipashe ile safi inayoingia bila kuchanganyika. Mashine nzuri inarudisha zaidi ya robo tatu ya joto. Ila unyevu wa hewa inayotoka utaganda mle ndani, kwa hiyo panga utakavyouyeyusha. Na tafadhali, chujio tulifikie bila kupanda paa lenye theluji. Wasanifu hapo huwa mnatusahau!

Mpima_Mianya
Naongezea mlango. Wa maktaba haupumziki, kutwa watu wanaingia na kutoka. Weka milango miwili na kiukumbi katikati. Halafu mianya: sisi tunafunga feni mlangoni, tunafikisha shinikizo la paskali 50, tunapima hewa inayopenya. Kipimo cha Wajerumani cha Passivhaus, yaani majengo yanayohitaji joto kidogo sana, hakitaki hewa ya jengo ibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa. Kuna zahanati ndogo ilitupa 0.7. Tukazunguka siku nzima na kimoshi cha kuonyesha hewa inapopenya, kumbe fundi umeme alipitisha nyaya za kengele kwa kutoboa nailoni ya ukutani inayozuia hewa, matundu 14, kila moja linapitisha kidole gumba. Nailoni hiyo ichore kwa kalamu nyekundu kwenye kila ramani, aione kila mwenye drili.

Binti_Makete
Asanteni sana kaka zangu. Vioo nimefuta, nimebakiza dirisha moja refu upande wa bahari. Giza lote lile bila kuona hata taa za boti, mtu atachizi. Kiukumbi kiwe na urefu gani?

Mpima_Mianya
Mama mwenye kigari cha mtoto aenee katikati, mlango wa nyuma yake uwe umeshajifunga ndipo wa mbele ufunguke. Anza na mita 3 na nusu. Na zulia la kukung'utia theluji usisahau.