Mjadala: Watu wanajua namna ya kujikinga na janga, mbona hawafuati?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila jazba. Kila ugonjwa wa mlipuko unapoingia na watu wakaonekana hawavai barakoa wala hawakai mbalimbali, wakuu hutoa jibu lile lile: wananchi hawana elimu, tuongeze mabango na matangazo. Upande wa pili wapo wanaosema elimu imetosha, kilichobaki ni faini na virungu. Mimi nazipinga pande zote mbili.

Shirika la Afya Duniani liliielezea Korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Miezi michache baadaye hata mtoto mdogo aliweza kukutajia masharti yote: nawa kwa sabuni na maji tiririka, vaa barakoa, kaa mbali na mwenzako, usijishike macho, pua wala mdomo. Ujumbe ulifika. Sasa tuulizane, kwa mwaka huo huo wa 2020 Shirika hilo na UNICEF walikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.3 hawakuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni nyumbani kwao. Hao bango litawasaidia nini? Tena takriban watu bilioni 2 duniani hufanya kazi zisizo rasmi, wengi wao bila likizo ya ugonjwa yenye malipo. Ukimwambia kibarua ajitenge siku 14, umemwambia akae siku 14 bila kipato. Anayekwenda kazini huku anakohoa anajua vizuri tu anachokifanya. Amepima, akaona njaa iko karibu zaidi kuliko ugonjwa.

Hata hivyo sisemi kwamba elimu ilikamilika. Iliyokosekana ni elimu ya sababu. Watu walipewa amri, hawakuelezwa ugonjwa unasafirije. Virusi vya Korona hutoka na pumzi ya mgonjwa, hasa anapozungumza kwa sauti, kuimba au kukohoa, na kwenye chumba kilichofungwa huweza kubaki hewani kwa muda. Asiyejua hilo atavaa barakoa akitembea peke yake barabarani, kisha ataivua ukumbini, madirisha yamefungwa, akipewa kipaza sauti. Hili tumeliona hata kwa viongozi kwenye mikutano. Wakati huo huo magari yalizunguka mitaani yakipulizia dawa barabarani, jambo ambalo Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema halipendekezwi. Madirisha, ambayo kuyafungua hakuna gharama, yakasahaulika kwa muda mrefu.

Na hapa lawama iende juu pia. Mwanzoni watu wenye afya waliambiwa hawana haja ya barakoa. Tarehe 5 Juni 2020 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ukageuka. Kubadilika si kosa, maana sayansi hujifunza. Lakini kwingi ilitoka amri mpya tu, bila mtu kusimama na kusema: jana tulijua hivi, leo tumegundua hivi, ndiyo maana tunabadilisha. Ukishafanya hivyo mara mbili, ya tatu utakuta watu hawakusikilizi.

Kwa wanaoamini nguvu: faini huleta barakoa kidevuni, inayopandishwa askari akitokea. Mbaya zaidi, huwafanya wagonjwa wajifiche. Ebola iliyoanza Guinea na kuenea Liberia na Sierra Leone iliua zaidi ya watu 11,000 kati ya 2014 na 2016. Mwanzoni maiti zilichukuliwa na vikosi vya watu waliojifunika mwili mzima, familia haijaaga wala kuomba dua, na wapo walioanza kuficha wafu wao na kuwazika usiku. Mwishoni mwa 2014 utaratibu ulibadilishwa: viongozi wa dini wakashirikishwa, familia ikaruhusiwa kuomba na kushuhudia ikiwa mbali kidogo. Tahadhari ya kutogusa maiti ilibaki pale pale, lakini watu wakaona wafu wao wanaheshimiwa, na upinzani ukapungua.

Sheria naikubali mahali pamoja: imbane mwenye uwezo wa kubadilisha mazingira. Mwajiri amlipe mgonjwa akae nyumbani. Mwenye basi asijaze kupita kiasi. Mwenye ukumbi ahakikishe hewa inapita. Kumtoza faini abiria aliyebanwa kwenye basi ambalo hakulijaza yeye ni uonevu.

Basi tuliweke wazi. Kama fungu la fedha ni moja na janga jingine likaja, mngelipeleka wapi kwanza: kwenye matangazo, kwenye maji na sabuni, au kwenye malipo ya wanaotakiwa kujitenga? Mimi ningeanza na malipo, kwa sababu mgonjwa mmoja akibaki nyumbani ameshawakinga wengi. Anayeona faini inafaa zaidi naye atueleze: mtu asiye na akiba atakula nini hiyo siku ya pili ya kujitenga?