Kuilisha diski ya nje kwa chaja ya pembeni: je, kompyuta haitaungua?

Mwanakwaya, Gulu
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nina diski ngumu ya nje ya inchi 2.5, isiyo na chaja yake, ambamo nimehifadhi rekodi za kwaya ya parokia yetu. Nikiichomeka kwenye kompyuta yangu ya mkononi, ambayo ni ya zamani na ina matundu ya USB 2.0 pekee, inagongagonga, inaanza kuzunguka, kisha inanyamaza. Fundi mmoja amenishauri ninunue waya wenye vichwa viwili, kimoja nichomeke kwenye kompyuta na kingine kwenye chaja ya simu. Je, chaja hiyo haiwezi kuiunguza kompyuta?

Fundi, Jinja
Mara nyingi kugonga huko ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa volti 5 kwa miliampea 500 tu, na la USB 3.0 miliampea 900, ilhali diski kama yako, sahani zake zinapoanza kuzunguka, huweza kuhitaji karibu ampea 1 kwa muda mfupi. Hata hivyo, diski inayokufa nayo hugonga vivyo hivyo; kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kompyuta ya jirani yenye USB 3.0, na ikisomeka, nakili rekodi zako kabla ya jambo lingine lolote.

Kuhusu waya ule, hofu yako ina msingi. Katika nyaya nyingi za aina hiyo, njia ya volti 5 ya kichwa kimoja imeungwa moja kwa moja na ya kichwa cha pili, hivyo chaja ikitoa volti 5.2 na kompyuta volti 5.0, umeme utaingia kwenye kompyuta kinyumenyume, na hali huwa mbaya zaidi kompyuta ikiwa imezimwa.

Mwanakwaya, Gulu
Ahsante sana. Je, nikikata ule waya mwekundu wa ndani, unaobeba volti 5, upande wa kompyuta?

Fundi, Jinja
Inafaa, mradi usiukate mweusi, kwa sababu bila njia hiyo ya pamoja ya kurudishia umeme, data haitasomeka kwa uhakika. Usiamini rangi peke yake. Pima kwa mita kwanza. Mimi ningenunua habu ya USB, yaani kifaa cha kuongeza matundu, yenye adapta yake ya umeme. Ukiipata, washa adapta hiyo huku kompyuta ikiwa imezimwa, na taa yoyote ya kompyuta ikiwaka, habu hiyo nayo inaipelekea kompyuta umeme kinyumenyume; irudishe dukani.

Mwalimu, Mbarara
Naomba kuongeza jambo linalotuhusu sana huku kwetu. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi itaendelea kwa betri yake, lakini diski inayotegemea chaja ya ukutani itazimika hapo hapo, pengine katikati ya kuandika faili. Mimi nilikimbilia pawabanki, nikagundua kwamba baadhi yake hujizima zenyewe zikiona matumizi yamepungua, yaani wakati ule ule diski inapopumzika. Sasa habu yangu inapata umeme kupitia UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, na siichomoi diski kabla ya kuiamuru kompyuta iiachie.

Mwanakwaya, Gulu
Nimeijaribu kwa jirani na imesomeka. Rekodi zinanakiliwa sasa hivi. Waya wa vichwa viwili sitaununua.