Vituo vya mlimani vinakauka kabla ya saa 2 asubuhi: niache baiskeli ngapi usiku?

Mpangaji_Ruti: Wakuu, mfumo una baiskeli 300 za kukodi na nafasi 400 za kuzifungia. Asubuhi vituo vya mlimani vinabaki vitupu, vya mjini vinajaa hadi watu wanakosa pa kurudishia. Lori linazunguka kutwa, hali ni ile ile. Idadi ya kuacha usiku inakokotolewaje?

Mizani: Mkuu, achana na wastani wa siku, utakupoteza. Chukua kumbukumbu za kituo kimoja, saa 12 hadi saa 4 asubuhi. Anza na sifuri: baiskeli ikitoka punguza 1, ikirudi ongeza 1, kwa mfuatano. Tazama hesabu ilishuka mpaka wapi na ilipanda mpaka wapi. Tuseme kituo kina nafasi 20, imeshuka hadi −11 na kupanda hadi +3: acha baiskeli 11 hadi 17 (angalau 11 ili zisiishe, si zaidi ya 17 ili nafasi 3 zibaki wazi). Mshuko na mpando vikizidi nafasi zilizopo kwa pamoja, hakuna idadi ya usiku itakayotosha. Kituo cha namna hiyo ndicho cha kupelekewa lori asubuhi.

Jambo linalowaponza wengi: kituo kikikauka, kumbukumbu husoma kwamba hakuna aliyechukua, wakati watu walifika wakaondoka. Siku hizo kadiria kwa kasi ya uchukuaji ya kabla hakijakauka, la sivyo utazidi kukipunguzia.

Fundi_Minyororo: Ondoa mbovu kwenye hesabu. Baiskeli inayobaki imefungwa huku za jirani zikichukuliwa mara kadhaa, aghalabu ina pancha au mnyororo umekatika. Kituo kinasoma 6, zinazoendesheka ni 2.

Na nafasi zenu ni chache mno. Mwongozo wa ITDP, taasisi ya kimataifa ya sera za usafiri, unataka nafasi 2 hadi 2.5 kwa kila baiskeli. Ninyi mna 1.3. Lori linahamisha msongamano tu. Ongezeni nafasi mjini kwanza.

Mpangaji_Ruti: Na mteremko je? Wanashuka nazo, hawapandi nazo.

Mizani: Paris, mfumo wao wa baiskeli za kukodi, Vélib', ulitoa dakika 15 za ziada kwa anayerudisha kituo cha mwinuko. New York, mfumo wa huko, Citi Bike, una mpango wa Bike Angels: pointi kwa anayetoa baiskeli kituo kilichojaa na kuipeleka kilichopungukiwa. Pointi zibadilike kadiri kituo kinavyojaa. Zikiganda, mtu ataendelea kuvuna pointi kwa kupeleka baiskeli kituo ambacho tayari kimetosheka. Lori lifanye kazi zaidi usiku, barabara zikiwa wazi; asubuhi liende tu kwenye vituo ambavyo idadi ya usiku haitoshi.