Mnara wa ngome ya Coucy: ujengwe upya, au gofu libaki gofu?

Naleta mjadalani suala la ngome ya Coucy, katika mkoa wa Aisne kaskazini mwa Ufaransa. Wapo wanaoona kwamba mnara wake mkuu ujengwe upya, kwa kuwa michoro yake ipo, na kwa kuwa taifa lililolisimamisha tena kanisa kuu la Reims baada ya Vita Kuu ya Kwanza haliwezi kushindwa na mnara mmoja. Mimi napinga.

Mnara huo ulijengwa na Enguerrand wa Tatu katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, ukiwa na kimo cha mita zipatazo 54 na kipenyo cha mita 31 hivi, kiasi cha kuupita kwa mbali ule wa mfalme mwenyewe pale Louvre, Paris. Na sidhani kama kabaila huyo alikosea hesabu, kwani alitaka mfalme auone. Mwaka 1652, wakati wa uasi wa makabaila, Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, aliamuru ngome ibomolewe, na tetemeko la mwaka 1692 likaupasua mnara, lakini haukuanguka. Uliouangusha ni mkono wa binadamu: Machi 1917 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma kwa amri ya Jenerali Ludendorff, liliulipua kwa takribani tani 28 za baruti, ingawa Mwanamfalme Rupprecht wa Bavaria, kamanda wao wenyewe, alikuwa ameomba usiguswe. Baada ya vita Wafaransa waliamua kwa makusudi kuliacha rundo la mawe liwe ushahidi.

Kuulinganisha na Reims si sahihi, maana kanisa lile lilikuwa na waumini waliolihitaji, ilhali Coucy ilikuwa gofu tangu karne ya 17. Mfano ulio karibu zaidi ni Pierrefonds, ngome iliyojengwa upya kuanzia mwaka 1857 kwa ajili ya Napoleon wa Tatu, ambako mgeni huona zaidi ndoto za karne ya 19 kuliko Zama za Kati. Fedha zikipatikana, zitumike kuimarisha kuta na malango ya mji yaliyosalia, ambayo ni kazi halisi ya mafundi wa kale.

Anayetetea ujenzi anijibu hili: mawe yaliyolipuliwa mwaka 1917 yatahamishiwa wapi, na kwa idhini ya nani?