Naomba ushauri: hoteli ndogo Bolzano, nikiwa na mama mwenye shida ya magoti

Habarini ndugu zangu. Mwezi wa 12 nampeleka mama Bolzano, kaskazini mwa Italia, siku nne. Tutatoka Verona kwa treni. Nimepata hoteli ndogo karibu na Piazza Walther (uwanja mkuu wa mji), ila kwenye picha naona ngazi nyembamba za mbao, lifti siioni, na baridi ikizidi mama magoti humsumbua sana. Niwaombe chumba cha chini, au nitafute karibu na kituo cha magari ya kebo yanayopanda Renon, milimani juu ya mji? Ana hamu kubwa ya kumwona Ötzi, yule mtu wa barafu, maiti ya kale iliyopatikana kwenye barafu 1991 na sasa iko makumbusho ya hapo Bolzano. Mliowahi kwenda na wazee, asubuhi hotelini hupatikana chakula cha moto? Lazima ale kabla ya dawa. Nitashukuru sana.