Naomba ushauri: bawa la ndege ya mfano halikai sawa juu ya kiwiliwili

Kijana wa Likoni

Assalaam alaykum, wakubwa zangu na ndugu zangu. Ninaunda ndege ya mfano ya kujifunzia kurusha, ya mbao ya balsa, ambayo bawa lake hukaa juu ya kiwiliwili na lina urefu wa sentimita 120 toka ncha hadi ncha. Mkia nimeshaugandisha, na sasa nimebakiwa na kazi ya kuliketisha bawa. Nikiliweka kwenye kiti chake bila gundi na kulitazama kwa nyuma, ncha ya kulia iko chini kuliko ya kushoto kwa milimita 6 hivi, na pia naona limekwenda upande kidogo. Nianze kurekebisha lipi? Na je, niligandishe moja kwa moja kwa epoksi au nilifunge kwa bolti?

Fundi wa Bamburi

Waalaykum salaam, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia gundi. Anza na mlalo, kwa sababu kila ukikwangua kiti cha bawa, uelekeo nao hubadilika. Kiti cha ndege ya namna hiyo huwa na upana wa sentimita 8 hivi, kwa hiyo tofauti ya milimita 6 kwenye ncha hutokana na karibu nusu milimita tu pale kwenye kiti. Piga msasa laini upande ulioinuka, mara mbili tatu, kisha pima tena.

Ukishamaliza hapo, chomeka pini katikati kabisa ya kiwiliwili, huko mwisho wa mkia, ufunge uzi wa kushonea (usitumie mshipi wa kuvulia, kwa kuwa huvutika), uupeleke hadi ncha moja ya bawa na kuutia alama, kisha uuhamishie ncha ya pili. Tofauti utakayoiona igawe kwa mbili, usogeze ncha kwa kiasi hicho tu, kwa maana ncha moja ikirudi nyuma nyingine huenda mbele.

Kuhusu gundi, mimi hugandisha. Bawa lililogandishwa vizuri halichezi.

Binti Kisauni

Kwa heshima zote, Mzee wangu, kabla ya kugusa msasa ningependa kijana alipime bawa lenyewe. Unyevu wetu wa pwani huikunja balsa, hasa isiyofunikwa bado, na bawa lililojipinda hufanya kiti kionekane kibovu. Alilaze ubavu mmoja juu ya meza iliyonyooka, aubane, atazame kama ukingo wa mbele na wa nyuma zote zinagusa meza hadi nchani, kisha afanye vivyo hivyo kwa ubavu wa pili.

Kwenye gundi sikubaliani nawe. Kijiti cha mbao ngumu mbele na bolti mbili za nailoni nyuma zinatosha kabisa, na ndege ikianguka, bolti ndizo zinazokatika badala ya bawa. Isitoshe, ndege ya sentimita 120 iliyogandishwa haiingii kwenye tuktuk.

Kijana wa Likoni

Nawashukuru sana. Nimelipima bawa juu ya meza ya kioo na limenyooka pande zote mbili, kwa hiyo kasoro iko kwenye kiti. Nitatumia bolti. Swali langu la mwisho ni kuhusu mwinuko wa bawa kwa mbele: uwe kiasi gani?

Fundi wa Bamburi

Fuata mchoro wako kwanza. Kama mchoro hauonyeshi, pembe ya digrii 1 hadi 2 kuzidi kibawa cha mkia inafaa kwa ndege ya kujifunzia. Nakubali hoja ya bolti kwa ndege ya kwanza. Ila usitoboe matundu mpaka uzi ulingane pande zote. Libane bawa kwa utepe, lipime tena, ndipo utoboe bawa na kiwiliwili kwa pamoja, keekee ikiwa wima.

Binti Kisauni

Naongeza moja tu. Kipande cha plaiwudi kitakachopokea bolti ndani ya kiwiliwili ukigandishe kwa epoksi ya dakika 30, usitumie ile ya dakika 5, maana kwa joto letu hii ya pili hushika kabla hujakiweka sawa.