Kamera ya ndege na wanyama: zumu ndefu au megapikseli nyingi?

Muulizaji: Wakuu, nataka kamera ya kupiga picha za ndege na wanyama Mikumi, nikiwa ndani ya gari. Nimebakiza mbili: Nikon P950 (megapikseli 16, zumu mara 83) na Panasonic FZ1000 (megapikseli 20, zumu mara 16). Muuzaji anasema nichukue yenye megapikseli nyingi, ndege akiwa mbali nitaikata picha kwenye kompyuta. Nitachapisha A4 tu. Ni kweli?

Jibu 1: Hesabu inamkataa huyo muuzaji, mkuu. Kwanza achana na "mara", huo ni uwiano wa mwisho wa lenzi na mwanzo wake. Angalia milimita za lenzi, zikizidi inavuta mbali zaidi: kwa kipimo cha filamu ya 35mm, FZ1000 inaishia 400, P950 inaishia 2000. Ni mara 5. Ukikata picha ya 400 ili ifanane na ya 2000, unapunguza upana mara 5 na kimo mara 5, unabaki na sehemu moja ya 25. Megapikseli 20 zimekuwa 0.8! A4 ya nukta 300 kwa inchi inataka karibu 8.7; hata ukishuka hadi nukta 200, inataka karibu 4. Ndege kama keremkerem akiwa mbali atatoka visanduku visanduku.

Jibu 2: Kwa umbali nakubali, ila sensa (kipande kinachopokea mwanga) nayo iangaliwe. Ya FZ1000 ni milimita 13.2 kwa 8.8, ya P950 ni kama 6.2 kwa 4.6, yaani eneo dogo karibu mara nne. Tena mwisho wa zumu P950 inafungua tundu la mwanga f/6.5 tu, mwenzake f/4 (namba ndogo, tundu kubwa). Alfajiri na magharibi, saa ambazo simba anatembea, P950 itapandisha ISO (kukuza mwanga hafifu) na picha itajaa chenga. Kwa tembo na twiga walio kando ya barabara, 400 inatosha kabisa.

Na megapikseli zaidi zisingeisaidia P950. Kwenye f/6.5 nukta ya mwanga hutawanyika hadi maikromita 8 au 9, wakati pikseli yake moja ni kama 1.3. Nukta moja inafunika upana wa pikseli sita.

Muulizaji: Ndege ndio wengi kwangu. Basi P950?

Jibu 1: Ndiyo, chukua hiyo. Zima zumu ya kidijitali kwenye menyu, maana ile inakata picha na kuikuza tu. Dirishani weka mfuko wa mchele au maharage, laza lenzi juu yake, na dereva azime injini. Mtetemo wake kwenye 2000 unaharibu kila kitu. Ndege akitulia, shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/500 inaweza kutosha. Akiruka, rudisha zumu kwenye 600 hivi umpate kwanza, na kasi ya shata isipungue 1/1600. Kuanzia saa nne asubuhi hewa ya moto juu ya nyasi huyumbisha picha za mbali, na hapo hakuna kamera inayosaidia: sogeza gari karibu.